Mgongo wa mnyama ukiuma Mombasa: umnyooshe, umkande, umwogeleshe au umpumzishe?

Treni ni mbwa mrefu mwenye miguu mifupi, wale ambao ukiwaona kwa mbali waweza kudhani wametembea mpaka miguu ikalika. Jina alipewa na watoto wa jirani hapa Kisauni mwaka 2017, reli mpya ilipoanza kubeba abiria, na mwenyewe hajawahi kulalamika. Asubuhi moja miaka mitano baadaye alikataa kushuka ngazi tatu za kibarazani. Alisimama pale juu, mgongo umepinda kama upinde, shingo imeinama, anatetemeka ilhali jua limeshawaka. Nilipomshika tumboni nimteremshe, akatoa ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Haikufika saa nne, nusu ya mtaa ilikuwa imeshanipa dawa. Jirani wa kwanza: mchue mafuta ya nazi, ni misuli tu. Wa pili akanikatia tembe ya diklofenaki aliyoandikiwa yeye kwa kiuno chake. Wa tatu alimjua mtu Nyali anayenyoosha migongo ya watu, na amesikia na mbwa anawafanyia. Wa nne: mpeleke baharini, maji ya chumvi hayana mshindani. Wote walisema kwa moyo mweupe, na angalau mawili kati ya hayo yangemharibu Treni siku hiyohiyo.

Tangu hapo nimeulizwa swali hili na wenye paka, wenye punda, na hata kijana mmoja anayepandisha watalii farasi ufuoni. Nayaweka basi haya pamoja, hii na ile, ili mwenye kuchagua ajue anachagua nini.

Huko kunyoosha ni kitu gani

Kitaalamu huitwa kiropraktiki. Ilianza Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895, pale D. D. Palmer alipoisukuma pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, msafishaji wa jengo alimokuwa na ofisi, akatangaza kwamba Lillard amerudishiwa usikivu wake. Palmer alishikilia kwamba karibu kila ugonjwa chanzo chake ni pingili iliyohama ikabana neva. Dai hilo halikusimama. Kilichobaki ni kidogo zaidi lakini kina uzito: kiungo kilichokakamaa, kikisukumwa kwa kasi na kwa umbali mdogo sana, hulegea kwa muda, misuli ya pembeni inaachia, na maumivu hupungua. Kwa watu wenye maumivu ya kawaida ya kiuno msaada huo upo, wa wastani, na haujawahi kuyashinda mazoezi.

Aliyeipeleka kwa wanyama kwa utaratibu ni Sharon Willoughby wa Marekani, daktari wa mifugo aliyesomea na kiropraktiki pia. Chama chao cha kiropraktiki ya wanyama, AVCA, kilianzishwa mwaka 1989, na kozi wanazozitambua zina masomo ya zaidi ya saa 200, kwa watu ambao tayari ni madaktari wa mifugo au wa kiropraktiki. Uingereza kuna mkondo mwingine, wa John McTimoney, wa mkono mwepesi zaidi. Huko huko Uingereza sheria inataka daktari wa mifugo amwone mnyama kwanza, ndipo mwenye kunyoosha aruhusiwe kumgusa.

Mlio ule wa “ko!” unaowafurahisha watu kwenye video si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi ndani ya ute wa kiungo. Pingili ya mbwa ikihama kweli, mara nyingi mbwa hasimami. Kwa hiyo anayekwambia “mgongo ulikuwa umetoka, nimeurudisha” ama anafupisha maneno ama hajui anenalo, na kumjua ni yupi kati ya hao wawili ndiyo kazi yako wewe mwenye mnyama.

Ushahidi, kwa wanyama, haujapangika sawa. Uliopo mwingi ni wa farasi: baada ya kunyooshwa, mgongo huvumilia kubonyezwa zaidi na hupinda vizuri zaidi kwa siku kadhaa. Kevin Haussler wa Chuo Kikuu cha Colorado State, ambaye ni daktari wa mifugo na wa kiropraktiki, ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na hata yeye huandika kwa tahadhari. Kwa mbwa majaribio ni machache na madogo. Kwa paka ni machache zaidi. Punda, sahau.

Dakika kumi za daktari

Treni nilimpeleka kwa daktari wa mifugo nimemlaza juu ya ubao wa kukatia mboga, nimemfunga kwa leso asijigeuze. Tuktuk ilikwenda kama imebeba mayai.

Nilitegemea eksirei. Daktari hakuigusa. Alimshika Treni chini ya tumbo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaukunja mguu wa nyuma wa kulia ili upande wa juu wa wayo uguse meza. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Treni akaurudisha. Akaukunja wa kushoto. Ukabaki vilevile, umekunjika kama mkono wa mtu aliyelala.

“Mama Treni, umeona?”

Nikaona. Akachukua koleo ndogo, akambana kidole cha mguu uleule. Treni akageuza kichwa akamkazia macho, mdomo umefunua meno mawili. Daktari akatabasamu, mara ya kwanza tangu tuingie. “Nilitaka anichukie,” akasema. Maumivu yakifika kichwani, basi ule ugwe wa neva unaopita ndani ya pingili bado unapitisha habari.

Kisha akanieleza kwa mfano ambao sijausahau. Kati ya pingili na pingili kuna diski, mto mdogo kama tende: nje ngozi ngumu, ndani laini. Kwa mbwa wa miguu mifupi ile sehemu laini hukauka mapema na kugeuka chokaa. Siku moja, kwa kuruka kochi tu, tende inapasuka upande wa juu na kumwaga kokoto kwenye mfereji wa neva. Kwa dachshund, mbwa wa umbo la Treni, kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne hupatwa na hili maishani, wengi wakiwa kati ya miaka mitatu na saba. Eksirei ya kawaida haioneshi ugwe wala kilichomwagika. Kuviona kunataka MRI au CT, picha za kina zaidi.

Sasa mweke mbwa huyo mikononi mwa mtu wa kunyoosha. Sukumo la haraka juu ya tende iliyopasuka linaweza kumwaga kilichobaki. Wenye kiropraktiki wenyewe, waliosoma sawasawa, hufundishwa kwamba diski iliyotoka karibuni, mfupa uliovunjika, uvimbe, na maambukizi ya pingili ni marufuku kusukumwa. Tatizo ni kwamba mkono hauwezi kuvitofautisha hivyo vinne na mgongo uliokakamaa tu. Bila jicho la daktari kutangulia, kunyoosha ni kupiga ramli.

Diski: kunyoosha, kupumzisha au kisu

Hapa uchaguzi ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Kunyoosha, hapana. Kukanda penye maumivu, hapana. Kuogelea, bado. Vinavyobaki ni viwili.

Mbwa anayetembea, hata kama anapepesuka, hupumzishwa. Kupumzisha si kumwambia “lala hapo”. Ni kizimba, wiki nne kwa uchache, kutoka kwa kukojoa tu tena kwa kamba, pamoja na dawa za maumivu alizoandikiwa yeye. Mimi nilinunua kizimba cha kuku sokoni Kongowea, nikakitandika godoro la mtoto. Wiki ya kwanza Treni alilia usiku kucha. Wiki ya pili nililia mimi. Watu wengi hushindwa siku ya kumi, mbwa anapoanza kuchangamka kwa sababu ya dawa, wakamfungulia, akaruka, na tende ikamalizikia kupasuka.

Mbwa aliyeacha kusimama, au ambaye mkojo unamtoka bila habari, huyo ni wa upasuaji, na ni mbio za saa, si za siku. Akiwa bado anahisi koleo kidoleni, upasuaji huwarudisha kwenye miguu yao karibu tisa kati ya kumi. Akishaacha kuhisi, hesabu inashuka hadi kama nusu, zaidi kidogo. Nilipouliza ingefanyikia wapi kwa Treni, nikaambiwa nijitayarishe kwa Nairobi, kilomita karibu 480, mbwa akiwa amefungwa juu ya ubao njia nzima. Hatukufika huko. Lakini pesa za mafuta nilikuwa nimeshaziweka kando.

Kuna jambo hapa linalovuruga ulinganisho wote wa tiba za mgongo. Mbwa wengi wa daraja la chini, wenye maumivu tu au wanaopepesuka kidogo, hupona kwa kupumzishwa peke yake. Kwa hiyo aliyechua mafuta siku ya tano atakula kiapo kwamba ni mafuta, aliyenyoosha siku ya nane ataweka video, na aliyemwogesha maji ya chumvi atakusimulia mpaka kaburini. Kila tiba ina mashahidi wake, na mashahidi hawasemi uongo. Wanachokosa ni yule mbwa mwingine ambaye hakufanyiwa kitu akapona siku hiyohiyo.

Mbwa mzee aliyekakamaa: hapa ndipo pa kuchagua kweli

Mbwa wa miaka kumi anayeamka kwa shida, anachechemea asubuhi na kulegea akishatembea, huyo kwa kawaida ni wa viungo vilivyolika, nyonga au magoti au pingili zenyewe. Hana haraka ya kufa wala ya kupona. Kwake kila njia ina la kusema.

Kunyoosha kwa mkono wa aliyesomea kunaweza kumpa nafuu ya siku chache. Kunataka kurudiwa, na kila safari ni nauli. Kukanda ni ndugu yake wa hali ya chini, na kwetu Pwani hatuhitaji kufundishwa kuchua. Tofauti ni kwamba mbwa hawezi kusema “hapo hapo, taratibu”, kwa hiyo angalia masikio na midomo. Akilamba midomo na kugeuza uso, punguza. Faida kubwa ya kukanda ni kwamba unaweza kufanya mwenyewe kila jioni, dakika kumi, bila kumlipa mtu. Usikande juu ya uti wenyewe, kanda misuli ya pembeni na mapaja.

Mafuta ya nazi hayana neno, ataramba na kufurahi. Yenye kafuri, menthol au karafuu usiyaguse kwa mnyama yeyote anayejiramba, na zaidi paka. Ini la paka halina uwezo wa kuyavunja hayo.

Kuogelesha, kwa maoni yangu, ndiyo tiba ambayo Mombasa imepewa bure na haijaitumia. Wenzetu wa nchi za baridi hujenga mabwawa ya vioo yenye mkanda wa kutembelea chini ya maji, na wameshapima: maji yakifika kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, mbwa bado anabeba asilimia 91 ya uzito wake, yakifika goti, 85, yakifika nyonga, anabeba 38 tu. Maana yake ni kwamba kumtembeza mbwa kwenye maji ya kifundoni pale ufuo wa Pirates ni kumburudisha tu, tiba inaanzia maji yanapofika nyonga.

Nenda alfajiri, maji yakiwa yanakupwa na bahari ya ndani ya mwamba imetulia. Wakati wa kusi mawimbi na mwani huifanya kazi iwe ngumu. Kaskazi ndio msimu wake. Mshike kwa taulo lililopitishwa chini ya tumbo, mwendo wa dakika tatu nne tu siku za mwanzo, kwa sababu mbwa huonesha kuchoka akishachoka zamani. Beba maji ya kunywa, mengi. Mbwa mwenye kiu atakunywa ya bahari, na chumvi hiyo humletea kuhara, ikizidi humletea kifafa. Ukirudi mwogeshe maji yasiyo na chumvi, kausha masikio. Na usipite juu ya mchanga saa saba mchana, nyayo zake si ndara.

Kuna mshindani wa nne ambaye hakuna anayemtangaza kwa sababu hakuna anayepata pesa kwake: uzito. Utafiti maarufu wa mbwa 48 aina ya Labrador, waliofuatwa tangu utotoni mpaka kufa, ulichapishwa mwaka 2002. Nusu walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko ndugu zao. Hao waliishi wastani wa miaka 13, wenzao miaka 11.2, na viungo vyao vilichelewa kuhitaji dawa. Hakuna mkono wowote wa kunyoosha uliowahi kuonesha jambo kama hilo. Lakini mwambie mtu wa Mombasa apunguze ugali na vichwa vya samaki anavyompa mbwa wake, uone atakavyokutazama.

Dawa zipo, meloksikamu na karprofeni za wanyama, na kwa mbwa mzee mwenye maumivu ya kweli ni ukatili kumnyima. Za kwako usimpe. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Panadoli moja ya miligramu 500 inatosha kumuua paka mkubwa. Utaona ufizi unageuka rangi ya kahawa na uso unavimba, na hapo saa zimeshahesabika.

Paka

Paka wa Mji wa Kale hawana haja ya mtu wa mgongo, wana haja ya watu waache kuwafukuza kwenye roshani. Nasema kwa mzaha kidogo, lakini paka aliyeanguka na kuburuta nyuma mara nyingi amevunja nyonga, na mfupa uliovunjika haunyooshwi kwa kiganja.

Paka mzee ni habari nyingine. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliotazama eksirei za paka 100 wenye zaidi ya miaka 12 ulikuta 90 kati yao viungo vimelika. Wala hawachechemei. Wanachofanya ni kuacha kuruka kwenye kabati, kuacha kujilamba mgongoni, na kujisaidia kando ya sanduku badala ya ndani. Kwa huyo, kabla ya tiba yoyote ya mkono, weka stuli ya kupandia na sanduku lenye ukingo mfupi. Paka wengi hawavumilii kushikwa na mgeni. Mfadhaiko wa safari ya kwenda kunyooshwa unaweza kuwa mkubwa kuliko faida.

Na hili likariri. Paka aliyekuwa mzima, ghafla anaburuta miguu yote miwili ya nyuma, analia kama mtoto, na ukiishika miguu ni ya baridi na vitumba vya nyayo vimepauka au vimekuwa bluu: huo si mgongo hata kidogo. Ni bonge la damu lililotoka moyoni likaziba mshipa mkubwa. Mkimbize kwa daktari, usisimame njiani kwa mtu.

Magonjwa yanayojifanya mgongo

Hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na yale tunayoyatazama kwenye simu yaliyorekodiwa Ulaya. Mbwa wetu ana kupe. Kupe wa kahawia hubeba vijidudu vinavyoleta homa, viungo kuvimba, na mwendo wa kuchechemea unaohamahama, leo mguu huu, kesho ule. Mbwa wa namna hiyo ukimpeleka akanyooshwe atanyooshwa mpaka damu imwishie. Kipimo cha damu na dawa ya wiki nne ndiyo tiba yake. Dalili rahisi: gusa masikio, yana moto? Ufizi umepauka? Pua imewahi kutoka damu?

Kichaa cha mbwa nacho si lazima kije na meno. Kuna kile cha kimya, kinachoanza kwa udhaifu wa miguu ya nyuma, taya kuning'inia, mate kutiririka. Mtu anadhani mbwa kagongwa na bodaboda au kakwamwa na mfupa kooni, anaingiza mkono. Mbwa asiyechanjwa akilegea nyuma na kutoka mate, usimguse kinywa, mfungie, ita daktari. Ukiwa umeshachubuliwa au kurambwa penye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Kwa punda, jina la ugonjwa linatosha. Pepopunda. Wazee walioliunda neno hilo walikuwa wamemtazama punda vizuri: masikio yamesimama, mkia umeinuka, mwili mzima umekakamaa kama ubao, taya haifunguki, na kile kikope cha ndani kinafunika jicho. Chanzo ni kidonda, mara nyingi msumari uliochoma kwato. Kumnyoosha punda wa namna hiyo ni kumuongezea mateso, maana hata kelele tu humshtua misuli.

Punda na farasi

Mzee mmoja wa mkokoteni wa maji huku ndani Kisauni aliniuliza, “Mwanangu, huyo mtu wa kunyoosha atakuja mpaka huku?” Punda wake alikuwa akirusha mguu mtu akimgusa kiuno. Tukamvua matandiko. Chini ya kamba ya mgongoni kulikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, kimefunikwa na gunia la sukari lililokakamaa kwa jasho. Kwato za mbele zilikuwa zimeota mpaka zinajipinda kama viatu vya sultani wa kwenye picha.

Kwa punda wa kazi ulinganisho una mshindi kabla haujaanza. Tandiko laini lililo safi na kavu, mzigo uliosawazishwa pande mbili, kama ilivyokuwa kwa shogi ya zamani, ule mfuko wa pande mbili, kwato kuchongwa kila baada ya wiki sita hadi kumi, na siku ya mapumziko. Punda huficha maumivu. Ukimwona analalamika, jua amevumilia wiki. Lamu wana kituo cha Donkey Sanctuary tangu 1987 kwa kazi za namna hii, na wenye punda wetu wangefaa kukiona kabla ya kufikiria mambo ya pingili.

Farasi wa ufuoni ndiye pekee ninayekubali kwamba kiropraktiki ina hoja nzuri kwake. Ana pingili 18 za kifua na kawaida sita za kiuno, anabeba mtu mpya kila nusu saa, wengine hawajawahi kukaa juu ya kitu chochote kinachotembea, na anatembea mchangani. Mgongo wake hukakamaa kwa kazi, ndiyo hali hasa iliyopimwa kwenye tafiti. Hata hivyo mpangilio haubadiliki: kwanza tandiko linamkaa? Pili meno, kwa sababu hatamu inayoumiza mdomo hukazisha shingo mpaka kiunoni. Tatu miguu, maana farasi anayechechemea kwa siri huumwa mgongo. Akishapita hapo na bado amekaza, mlete mtu. Ngamia mimi ningeanzia tandiko na magoti, nikaishia hapo.

Anayekuja kumshika ni nani

Kenya ina sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya ndiyo inayosajili. Kutibu wanyama kwa malipo bila kusajiliwa ni kosa. Kwa hiyo swali la kwanza ni namba ya usajili, na kama mwenyewe hana, basi jina la daktari anayefanya kazi chini yake. Anayejua kazi hakasiriki ukimuuliza hivyo.

Yule mtu wa Nyali nilimpigia simu, kwa sababu jirani yangu angeniuliza. Alikuwa mpole. Nikamwambia mbwa wangu ni wa miguu mifupi, amepinda mgongo, mguu wa kushoto haurudi ukikunjwa. Nikamuuliza atajuaje kama ni diski.

“Dadangu, mlete tu. Mikono yangu itaniambia.”

Nikamuuliza kama anafanya kazi na daktari yeyote wa mifugo. Akasema madaktari hawapendi ushindani. Nikamshukuru, nikakata.

Ningempa nafasi mtu wa aina nyingine: anayeomba ripoti ya daktari kabla ya siku, anayemtazama mnyama akitembea mbali na akirudi kabla hajamshika, anayemwacha mnyama aondoke akitaka, anayesema kwa kinywa chake “hili si langu”. Na anayekupa idadi ya safari. Mara tatu bila mabadiliko, anaacha. Anayekutaka kila wiki maisha yote “kwa kinga” anatafuta kodi ya nyumba.

Ukiwa na pesa ya jambo moja tu mwezi huu, mpeleke kwa daktari apimwe mguu ule wa kukunjwa. Ukiwa na ya mawili, nunua dawa. Bahari haina risiti, na mikono unayo.

Treni alikaa kizimbani wiki sita. Mguu wa kushoto ulianza kurudi wiki ya tatu, kwa uvivu, kama mtu aliyeitwa kula asipokuwa na njaa. Wiki ya nane tulianza baharini, Nyali, taulo chini ya tumbo. Bado huwa anaukokota kidogo jioni akichoka, na kucha mbili za upande huo hulika upesi. Zile ngazi tatu nimezilaza ubao wenye gunia lililopigiliwa misumari, naye kila asubuhi huuangalia, huniangalia mimi, halafu anashuka.